Kosa au Kukosa? Historia ya Istilahi Moja ya Kumbukumbu za Kompyuta

UTANGULIZI

Katika kazi ya kuunda istilahi, maneno yanayotaabisha zaidi si yale mageni kabisa, bali ni yale yanayofanana na maneno tuliyokwisha kuyazoea. Neno geni humlazimisha mfasiri asimame na kuuliza maana yake. Neno linalofahamika humpitisha upesi, naye hujikuta amefika asikokusudia. Katika makala haya tunakusudia kuchunguza historia ya istilahi moja ya namna hiyo, ambayo kwa Kiingereza huitwa "page fault". Mfasiri wa Kiswahili anapokutana nayo huvutwa kuiandika "kosa la ukurasa", akaendelea na kazi yake bila wasiwasi. Tutajaribu kuonyesha kwamba tafsiri hiyo haifai, na kwamba Kiswahili kina neno bora zaidi lililokuwa limekaa karibu muda wote.

Huenda msomaji akauliza kuwa jambo hili, ambalo ni la ndani kabisa ya kompyuta, linawahusu nini walimu na watumishi wa Serikali. Jibu ni kwamba linawahusu sana. Katika shule za sekondari na vyuo vikuu mwalimu anaweza kuyaacha maneno ya fani katika Kiingereza, na wanafunzi wakayakariri jinsi yalivyo. Lakini viko vyuo ambavyo Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa katika miaka ya 1970 kwa kufuata mfano wa vyuo vya wananchi vya Uswidi, ni vya namna hiyo, na kimojawapo kiko Bigwa, katika Manispaa ya Morogoro. Mwalimu wa ufundi katika chuo kama hicho hana mahali pa kujificha. Mashine inapotoa taarifa ya "fault", hana budi kuwaambia wanafunzi wake, kwa Kiswahili, kama kitu kimeharibika au hakikuharibika. Akikosea hapo, kipande kizima cha kumbukumbu kitatupwa, au kibovu kitaachwa kiendelee kuharibu kazi za watu.

KOMPYUTA NCHINI NA MANENO YAKE

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1967. Miaka miwili kabla ya hapo, yaani mwaka 1965, kompyuta ya kwanza ya Serikali ilikuwa imekwisha kufungwa katika Wizara ya Fedha. Kwa hiyo chombo hiki na juhudi za kusanifu istilahi nchini vilikuja takriban wakati mmoja. Hata hivyo havikukutana upesi. Mwaka 1974 Serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini, na zuio hilo lililegezwa baadaye tu. Katika miaka ile wasanifu wa istilahi walikuwa na kazi kubwa ya maneno ya utawala, sheria, elimu na kilimo. Maneno ya mashine ambayo watu wengi hawakuwahi kuiona hayakuwa na haraka.

Mashine zilipoanza kuingia kwa wingi katika miaka ya 1990, maneno yaliingia nazo kwa mkupuo, na kila mtu akajitafutia njia yake. Chombo chenyewe kilipata majina matatu. Kenya walilipenda neno "tarakilishi", lililojengwa kwa kuunganisha tarakimu na akili; wengine walipendekeza "ngamizi"; na Tanzania neno "kompyuta", lililotoholewa moja kwa moja, ndilo lililoshika mizizi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Uswidi katika mradi wa Kilinux, kilitoa programu za ofisi zilizoitwa Jambo OpenOffice. Katika muongo huohuo kampuni ya Microsoft nayo ilitoa Windows na Office zenye sura ya Kiswahili. Kutokana na juhudi hizi na nyingine tumepata maneno mengi mazuri ya mambo yanayoonekana juu ya kioo: faili, kabrasha, hariri, hifadhi, futa, chapisha.

Lakini kazi hiyo iliishia kwenye sehemu inayomkabili mtumiaji. Kiini cha mfumo endeshi, yaani ile programu iliyo chini ya programu zote, inayogawa kumbukumbu na kuziongoza diski, hakikuguswa. Taarifa zinazotolewa na kiini cha Linux, kwa mfano, zimeachwa katika Kiingereza duniani kote. Matokeo yake ni kwamba palepale fundi anapohitaji maneno sahihi kuliko mahali pengine popote, ndipo hana maneno.

UKURASA ULITOKA WAPI

Ili kulielewa neno tunalolichunguza hatuna budi kurudi katika mji wa Manchester, Uingereza. Huko, tarehe 7 Desemba 1962, kompyuta iliyoitwa Atlas ilizinduliwa rasmi. Kiongozi wa wahandisi walioibuni alikuwa Tom Kilburn wa Chuo Kikuu cha Manchester.

Tatizo lililowakabili wahandisi hao lilikuwa la gharama. Kumbukumbu ya haraka ya siku zile ilitengenezwa kwa pete ndogo za sumaku zilizotungwa katika nyaya, nayo ilikuwa ghali mno. Kumbukumbu nyingine, ya pipa la sumaku linalozunguka, ilikuwa nafuu lakini ya polepole. Atlas ya Manchester ilikuwa na nafasi za maneno 16,384 katika pete, na nafasi za maneno 98,304 katika mapipa. Kabla ya hapo mwandishi wa programu alilazimika kupanga mwenyewe kila uhamisho wa data kutoka kwenye pipa kwenda kwenye pete na kurudi. Kazi hiyo ilichosha na kuzaa makosa mengi. Kilburn na wenzake walitaka mashine ifanye kazi hiyo yenyewe, ili mwandishi wa programu aone kumbukumbu moja tu, kubwa, isiyo na mpaka kati ya pete na pipa. Kumbukumbu ya namna hiyo, inayoonekana kubwa kuliko ile iliyopo, leo twaweza kuiita kumbukumbu pepe, kwa kufuata mfano wa barua pepe ambayo imekwisha kukubalika.

Njia yao ilikuwa kuigawa kumbukumbu katika kurasa, kila ukurasa ukiwa na maneno 512. Kwa hiyo pete zilitosha kurasa 32 kwa wakati mmoja. Kila nafasi ya ukurasa iliwekewa rejesta ndogo yenye kuonyesha namba ya kundi la maneno lililomo. Programu ilipotaja anwani fulani, mashine ililinganisha namba yake na rejesta zote 32 kwa mara moja. Ikiwa mojawapo ililingana, kazi iliendelea. Ikiwa hakuna iliyolingana, mashine iliisimamisha programu kwa muda na kumwita msimamizi, yaani ile programu ambayo ndiyo babu wa viini vya leo. Msimamizi alilileta kundi lililohitajika kutoka kwenye pipa, akachagua ukurasa wa kuondolewa, kisha akairuhusu programu iendelee kana kwamba hakuna kilichotokea.

Sasa tuangalie jina walilolipa tukio hilo. Wahandisi wa Manchester hawakuliita kosa wala hitilafu. Waliliita "kutolingana", kwa sababu namba iliyoombwa haikulingana na namba yoyote iliyokuwapo. Wao waliojenga mashine walijua vema kwamba hakuna kilichoharibika. Tukio lile lilikuwa ndiyo njia yenyewe ya mashine kufanya kazi yake.

JINSI "FAULT" ILIVYOINGIA

Neno "fault" lilishika nafasi yake Marekani. Mwaka 1965 ulikuwa umeanza mradi wa mfumo endeshi ulioitwa Multics, wa Chuo cha MIT, maabara za Bell na kampuni ya General Electric. Katika mashine za General Electric, neno "fault" lilikuwa jina la jumla la kila tukio linalomfanya kichakataji aache amri anayoitekeleza na kukimbilia kwenye kiini. Hivyo waandishi wa Multics walisema juu ya "fault" ya ukurasa usiokuwapo, na hata juu ya "fault" ya kiungo, iliyotokea programu ilipoita sehemu nyingine kwa mara ya kwanza na kiini kikapata nafasi ya kuziunganisha. Huku kuunganishwa kulitakiwa na kulipangwa. Ni dhahiri kuwa katika matumizi haya neno lilikuwa limekwisha kuiacha maana yake ya nyumbani.

Si wote waliofuata njia hiyo. Kampuni ya IBM, ilipoleta kumbukumbu pepe katika mashine zake za System/370 mwaka 1972, ilitumia neno lenye maana ya jambo lililo nje ya kawaida. Kampuni ya Intel nayo, katika vitabu vya vichakataji vyake, huyagawa matukio haya katika madaraja matatu. La kwanza, ambalo ndilo huitwa "fault", ni la matukio ambayo kiini kikisharekebisha mambo, amri ileile yaweza kurudiwa bila hasara. La pili ni la matukio yanayotolewa taarifa baada ya amri kumalizika. La tatu ni la matukio mabaya ambayo baada yake programu haiwezi kuendelea. Mfasiri aangalie hapa: "fault" ndiyo jina la daraja lenye matumaini. Akiandika "kosa", amelipa jambo jepesi jina zito.

MFANO WA GENGE LA BIGWA

Tuyaeleze mambo haya kwa mfano ambao mwalimu anaweza kuutumia darasani. Bigwa iko chini ya Milima ya Uluguru, kwenye barabara itokayo Morogoro mjini kwenda Mkuyuni, Matombo na hatimaye Kisaki. Ndizi, mananasi na viungo kutoka vijiji vya mlimani kama Kinole hushuka kwa njia hiyo kwenda sokoni.

Tuseme kwamba hapo Bigwa pana genge dogo lenye matenga 32, na mwenye genge ana ghala kubwa huko Kinole. Mteja anakuja kuomba pilipili manga. Mwenye genge anatupa macho kwenye matenga, haioni. Anamtuma kijana mlimani, mteja anakaa kwenye benchi kungoja. Kijana analeta mzigo, tenga moja ambalo bidhaa yake haijaulizwa siku nyingi linaondolewa ili kupata nafasi, na mteja anapewa haja yake. Hakuna hata mmoja katika watu hawa aliyefanya kosa. Pilipili ilikosekana gengeni, ikaletwa, basi.

Mteja wa pili anaomba kitu ambacho hakimo gengeni wala ghalani, na ambacho mwenye genge hakupata kukiuza kamwe. Mteja wa tatu anapeleka mkono kwenye tenga lililotengwa kwa ajili ya mwenye genge mwenyewe. Hawa wawili wamekwenda kinyume, na genge lina haki ya kuwafukuza. Mwisho, liko jambo la nne lisilohusu wateja: tenga lenyewe limetoboka, na kinachowekwa ndani yake hupungua usiku.

Ugumu wa kazi ya fundi ni kwamba mambo matatu ya kwanza huingia kwenye kiini kwa mlango mmoja na kwa jina moja la "page fault". Jambo la nne, ambalo ndilo uharibifu hasa, aghalabu haliingii kwa mlango huo kabisa, au huingia likiwa limevaa nguo za wengine.

Tuongeze jambo moja. Kama genge lina matenga matatu tu na wateja huuliza bidhaa kumi, kijana atakuwa njiani mchana kutwa na wateja watajaa kwenye benchi. Mwaka 1968 Peter Denning wa Marekani alieleza hali hii ya mashine kuhangaika na kurasa pasipo kufanya kazi iliyokusudiwa. Wenye kompyuta za zamani wanaifahamu: taa ya diski haizimiki, na herufi iliyobonyezwa huonekana baada ya muda mrefu. Fundi aliyefundishwa kuwa hayo ni "makosa ya ukurasa" atatafuta kilichoharibika, naye hatakipata. Dawa yake ni kuongeza kumbukumbu au kupunguza programu.

MAFUNZO KUTOKA KATIKA MITAMBO YA ZAMANI

Historia ya vichakataji inathibitisha kwamba hatari si tukio lenyewe. Kichakataji cha Motorola 68000, kilichotolewa mwaka 1979, kilisifiwa sana, lakini hakikuweza kuirudia amri iliyokatizwa katikati. Ukurasa ulipokosekana, kichakataji hakikuwa na kumbukumbu ya kutosha ya mahali kilipoishia. Kwa sababu hiyo kampuni ya Apollo ilitumia vichakataji viwili vya aina hiyo katika mashine moja, kimoja kikisimama kungoja wakati kingine kinashughulikia ukurasa. Kasoro hiyo iliondolewa katika toleo la 68010 la mwaka 1982.

Mfano wa pili ni wa kushangaza zaidi. Kichakataji cha Intel 80386 cha mwaka 1985 ndicho cha kwanza katika ukoo wake kuwa na kurasa, kila moja ya baiti 4,096. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, Ufini, alianza kuandika kiini cha Linux kwa ajili ya mashine za aina hiyo. Katika mifumo ya namna hii, programu mbili zinaweza kutumia ukurasa mmoja kwa pamoja maadamu zote zinasoma tu. Ukurasa huo huwekewa alama ya kukatazwa kuandikwa. Programu moja ikijaribu kuandika, tukio la ukurasa hutokea, kiini hutoa nakala, na kila mmoja hubaki na wake. Lakini 80386 kilikuwa na tabia moja: kiini chenyewe kilipoandika katika ukurasa uliokatazwa, alama ile haikuheshimiwa na tukio halikutokea. Maandishi yaliingia kimyakimya katika ukurasa wa pamoja. Wenye kuandika kiini wakalazimika kuweka ukaguzi wao wenyewe kabla ya kuandika, mpaka 80486 cha mwaka 1989 kilipoleta swichi ya kuurekebisha mwenendo huo. Linux iliendelea kubeba mzigo wa ukaguzi huo kwa ajili ya mashine za zamani hadi Desemba 2012, ilipoacha kuihudumia 80386.

Hapa madhara yalitokana na "kosa" ambalo halikutokea! Mwalimu anayetumia istilahi hiyo hawezi kulieleza jambo hili bila kujifunga ulimi.

Namna ya kusoma taarifa za kiini nayo yatusaidia kuona tofauti. Katika mashine za ukoo huo, tukio la ukurasa linapotokea, kichakataji huandika katika rejesta maalumu ile anwani iliyotafutwa, na hutoa msimbo wenye biti za kujibu maswali matatu: Je, ukurasa haukuwapo, au ulikuwapo lakini umekatazwa? Je, ilikuwa kusoma au kuandika? Je, aliyeomba ni programu ya kawaida au ni kiini? Fundi mwenye subira huanza na majibu hayo. Anwani iliyo karibu sana na sifuri huashiria kwamba mwandishi wa programu alitumia kielekezi kisichoelekeza popote. Taarifa inayojirudia mahali palepale, kwa kazi ileile, huashiria dosari ya programu. Lakini taarifa zinapotokea leo hapa na kesho pale, katika programu zisizohusiana, na hasa pale anwani iliyoandikwa inapotofautiana na ile iliyotarajiwa kwa biti moja tu, hapo ndipo fundi ageukie vipande vya kumbukumbu. Avitoe, avisafishe miguu, avijaribu kimoja kimoja.

UHARIBIFU HASA WA KUMBUKUMBU

Uharibifu huo wa kweli una historia yake pia. Kompyuta ndogo ya IBM ya mwaka 1981 iliweka biti tisa mahali pa nane. Biti ya tisa ilikuwa mlinzi: iliwekwa kwa namna ambayo hesabu ya moja zote, pamoja na yake, ni witiri daima. Mashine iliposoma na kukuta shufwa, ilijua kwamba biti moja imegeuka, ikasimama papo hapo. Wanafunzi wetu wamejifunza maneno shufwa na witiri katika hisabati, kwa hiyo wafasiri hawana sababu ya kuliacha jambo hili katika Kiingereza.

Mwaka 1978 Timothy May na Murray Woods wa kampuni ya Intel walieleza chanzo kimoja kisichotarajiwa cha biti kugeuka. Vifuniko vya kauri vya vipande vya kumbukumbu vilikuwa na chembechembe za madini yenye mnururisho, na chembe zilizotoka humo ziliweza kugeuza biti bila kukiharibu kipande chenyewe. Vyanzo vingine ni vya kawaida zaidi: joto, vumbi, umeme usiotulia, kutu kwenye miguu ya vipande.

Katika miaka ya 1990 mashine nyingi za bei nafuu zilianza kuuzwa bila ile biti ya tisa. Nyingi za kompyuta zilizokwisha kutumika ng'ambo, ambazo baadaye zilifika katika shule na ofisi za Afrika, ni za namna hiyo. Mashine hizo hazina mlinzi. Zina uwezo wa kutamka neno "fault" mara maelfu kwa siku mambo yakiwa salama, na kukaa kimya biti inapogeuka katika orodha ya mishahara au matokeo ya mitihani. Mtumishi anayedhani kuwa neno hilo ndiyo kengele ya uharibifu ataogopa pasipo hatari, na atatulia penye hatari.

MANENO TULIYO NAYO

Kiswahili si maskini wa maneno katika uwanja huu. Labda kina mengi mno. Tuyapime moja moja.

"Kosa" ni jambo la mtu mwenye hiari. Mkosaji huombwa radhi au huadhibiwa. Neno hili lafaa kwa mwandishi wa programu au mtumiaji, si kwa ukurasa.

"Hitilafu" asili yake ni kutofautiana. Watu walipohitilafiana, maana yake hawakuafikiana. Kwa maana hiyo ya zamani neno hili lingekuwa tafsiri nzuri ajabu ya lile jina la Manchester. Lakini lugha haikai mahali pamoja. Leo anayesikia "hitilafu ya umeme" anafahamu kwamba kitu kimeharibika. Maana hii mpya imekwisha kushika, na yafaa tuiache ifanye kazi yake kwa uharibifu wa vifaa. Hata hivyo maana ya zamani haipotei kabisa, kwa kuwa biti ya tisa hugundua uharibifu kwa kutoafikiana na wenzake.

"Kasoro" ni upungufu. Tunasema saa mbili kasorobo, wala hakuna anayefikiri kwamba saa imeharibika. Neno hili lingekaribia, lakini matumizi yake ya kutaja aibu ya kitu yana nguvu kuliko yale ya saa. "Dosari" ni doa katika kitu kilichotengenezwa, na lafaa kwa kile ambacho Waingereza hukiita mdudu. Inasimuliwa sana kwamba jina hilo lilitokana na nondo aliyekutwa ndani ya kompyuta ya Harvard Mark II tarehe 9 Septemba 1947. Nondo huyo alikuwapo kweli, lakini neno ni la zamani zaidi. Thomas Edison alilitumia mwaka 1878. Vyovyote iwavyo, kuliandika "kutoa wadudu" hakufai. Mkulima wa Uluguru akisikia hivyo atauliza dawa ya kunyunyizia.

Sasa tuje kwenye kitenzi. "Kukosa" kina maana mbili: kutenda kosa, na kutopata. Aliyekwenda sokoni akakosa nyama hakufanya dhambi. Kutokana na maana hii ya pili tunapata "kukosekana", ambako hakumlaumu mtu yeyote. Nyama imekosekana, ukurasa umekosekana. Hapa Kiswahili kinatupa kile ambacho Kiingereza hakikuwapa wenye nacho: neno linalosema kwamba kitu kilitafutwa, hakikuwapo mahali pake, na huenda kikaletwa.

MAPENDEKEZO

Kwa hiyo tunapendekeza matumizi yafuatayo yapimwe na wafasiri na walimu:

1. Ukosekanaji wa ukurasa: tukio la kutafuta ukurasa usiokuwapo katika kumbukumbu. Katika sentensi, "ukurasa umekosekana".

2. Ukiukaji wa ukurasa: kugusa ukurasa uliokatazwa, au anwani isiyo ya programu hiyo.

3. Hitilafu ya kumbukumbu: uharibifu wa kifaa chenyewe, uwe wa kudumu au wa biti iliyogeuka mara moja.

4. Dosari ya programu: kasoro iliyoachwa na mwandishi. Kazi ya kuitafuta na kuiondoa ni kusaka dosari.

5. Kosa: libaki kwa binadamu.

Wako watakaosema kwamba "ukosekanaji" ni neno refu, na kwamba "ukosefu" ungetosha. Twaona kuwa ukosefu ni hali inayoendelea, kama ukosefu wa kazi au wa maji, hali tunachotaja hapa ni tukio la mara moja. Wako pia watakaotaka neno la Kiingereza litoholewe kama lilivyo. Kutohoa si vibaya. Kompyuta, diski na biti zimetufaa sana. Lakini kutohoa hufaa pale jina linapotaja kitu. Jina linapobeba hukumu, kama kusema kimeharibika au hakikuharibika, kulitohoa ni kuhamisha utata wa lugha moja kwenda katika nyingine.

Hatimaye mfasiri asisahau kwamba neno moja la Kiingereza hapa limebeba mambo mawili, yale ya mapendekezo ya kwanza na ya pili. Kabla ya kuandika hana budi kuuliza: je, kiini kiliuleta ukurasa na kazi ikaendelea, au programu ilifukuzwa? Jibu likiwa la kwanza, aandike kwamba ukurasa ulikosekana. Likiwa la pili, aandike kwamba ulikiukwa. Na mwalimu wa Bigwa atakapoisoma taarifa hiyo mbele ya darasa lake, atajua kama awaambie wanafunzi wangoje, au wafungue kifuniko cha mashine.